Kutengeneza bafa ya asetati ya pH 5.0, lita moja

Leo ni bafa ya asetati, moli 0.1 kwa lita. Bafa ni mmumunyo unaozuia pH isibadilike ovyo ukiongezewa asidi au besi kidogo. pKa (namba inayoonyesha nguvu ya asidi) ya asidi ya asetiki ni 4.76, na bafa hufanya kazi vizuri karibu na pKa yake, isipite 1 juu wala chini. Anayetaka pH 7 atafute fosfati, asiilazimishe hii.

1. Hesabu kwanza, chupa baadaye. pH = pKa + log (asetati ÷ asidi). Tofauti ni 0.24, kwa hiyo asetati iwe mara 1.74 ya asidi: moli 0.0635 kwa 0.0365.

2. Pima sodiamu asetati gramu 8.64. Soma lebo! Hiyo ni ile yenye maji ndani ya fuwele (136.08). Kama kopo lako ni la ile kavu (82.03), pima 5.21.

3. Iyeyushe kwenye bika kwa mililita 800 za maji yaliyokenekwa. Ongeza asidi ya asetiki kali, isiyozimuliwa, mililita 2.09, kwa pipeti yenye mpira, dirisha wazi. Mvuke wake unachoma pua.

4. Sawazisha mita ya pH kwa 4.01 na 7.00, kisha pima. Ikibaki kidogo kufika 5.0, rekebisha kwa matone ya besi, polepole. Wengi hupitiliza, wakarudi na asidi, wakapitiliza tena. Kila tone linaongeza chumvi, na mwisho unashika bafa nyingine kabisa. Ikikaa sawa ndipo ujaze hadi lita.

Maswali

Shikamoo mwalimu. Maji yaliyokenekwa yametuishia, tupo Dodoma mjini. Ya bomba je?

Marahaba. Hapana. Mjini tunakunywa maji ya visima vya Makutupora. Tazama ukoko mweupe kwenye birika lako. Haidrojenikabonati iliyomo humeza asidi, uwiano ukaharibika. Nenda kwa wauza vipuri ukanunue maji ya betri, ila usije ukapewa asidi ya betri.

Nikiizimua mara kumi, pH itashuka sana?

Itasogea kidogo tu, maana uwiano ni uleule. Kinachopungua mara kumi ni uwezo wake wa kuhimili asidi au besi.

Mwalimu, shule yetu Kondoa haina asidi ya asetiki. Siki ya dukani inafaa?

Kuonyesha darasani, sawa. Siki nyeupe ya asilimia 5, weka kama mililita 44. Ya kahawia iachieni kachumbari.