Kabla ya Kuchoma Poti ya Kifuani: Mambo ya Kuzingatia

Poti ni kifaa kidogo kilichopandikizwa chini ya ngozi, chenye katheta, yaani mrija mwembamba, inayoingia kwenye mshipa mkubwa wa damu ili kupitisha dawa. Kabla hujafungua pakiti ya sindano, mtazame mgonjwa. Kifua chote kiwe wazi, ulinganishe pande mbili. Shingo au mkono uliovimba upande wa poti, au mishipa iliyotokeza kifuani, huashiria damu kuganda kwenye mshipa mkubwa. Ngozi ikiwa nyekundu, ya moto au inatoa usaha, usichome, mwite daktari. Muulize pia kama alipata homa na kutetemeka baada ya poti kusafishwa mara ya mwisho, maana maambukizi ya ndani ya katheta hujificha chini ya ngozi isiyo na doa.

Sindano ni ya Huber tu, ile yenye ncha maalumu isiyomega. Ya kawaida humega silikoni iliyofunika poti, na poti huanza kuvuja. Urefu hutegemea unene wa nyama iliyo juu ya poti: iliyo fupi huchomoka mgonjwa akigeuka, dawa ikamwagika chini ya ngozi. Sirinji isipungue mililita 10. Ya mililita 2 husukumika kirahisi, na hapo ndipo balaa lilipo: shinikizo lake laweza kupasua katheta. Jaza mrija wa sindano maji ya chumvi, hewa itoke.

Vaa barakoa na glovu tasa. Klorheksidini ya 2% yenye spiriti isuguliwe angalau sekunde 30, kisha ikauke yenyewe. Kuipepea ni kuharibu kazi.

Sindano ikigusa chini ya poti, vuta damu. Hapa usiwe na haraka. Isiporudi, mwambie akohoe, ainue mkono, alale chali. Huenda ncha ya katheta imelalia ukuta wa mshipa. Maji yakiingia vizuri lakini damu hairudi, doksorubisini na vinkristini, dawa za saratani zinazounguza nyama, zisitolewe: utando wa fibrini (protini ya damu iliyoganda) ukifunika ncha, dawa hurudi kandokando ya katheta na kuozesha nyama. Daktari ataamua kama ni alteplase, dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, au picha ya eksirei. Maji yakigoma kuingia, usilazimishe.

Ukimaliza, safisha kwa mililita 10 za maji ya chumvi, 20 ukiwa umetoa damu, ukisukuma na kusita. Heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ifuate utaratibu wa hospitali. Funga klipu huku bado unasukuma, damu isivutwe ndani. Sindano inayobaki mahali hubadilishwa kila siku 7. Poti isiyotumika husafishwa kila wiki 4, ingawa vituo vingine hufika miezi 3. Tarehe iandikwe kwenye kadi ya mgonjwa.