Jinsi ya kusoma takwimu za Falls Church bila kuzichanganya na za Fairfax
Jimbo la Virginia, Marekani, lina miji 38 isiyo chini ya kaunti yoyote. Falls Church ni mmojawapo tangu 1948, kwa hiyo usiutafute ndani ya kaunti jirani ya Fairfax. Katika majedwali ya sensa umepangwa sambamba na kaunti, kwa namba ya utambulisho 51610.

Anza na ramani ya mipaka. Mji ni mdogo, kama kilomita za mraba 5 tu, lakini posta huandika “Falls Church” hata kwenye anwani nyingi za Fairfax. Ukijumlisha watu kwa namba za posta, utapata idadi kubwa mno.

Kisha linganisha sensa: 2010 watu 12,332, 2020 watu 14,658, ongezeko la takriban asilimia 19.