Mtungi wa kuzimia moto: ujazwe upya au ununuliwe mwingine?

Kila baada ya siku chache mtu anabandika picha ya geji na kuuliza, "Wakuu, huu bado mzima?" Nimechoka kuandika jibu lilelile, kwa hiyo naliweka hapa lote. Atakayeuliza tena nitamtumia kiungo tu.

Niseme mapema: simfundishi mtu kujaza nyumbani. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye vifaa. Yako ni kujua kama mtungi unastahili kujazwa, na kama fundi ameujaza kweli.

1. Soma lebo. Aina ya dawa, mwaka wa kutengenezwa, uzito ukiwa umejaa. Lebo haisomeki? Nunua mwingine.

2. Tazama kichwa, yaani sehemu ya juu yenye valvu na mshikio. Kikiwa cha plastiki, mara nyingi mtungi ni wa kutumia mara moja na haujazwi. Kwa kiwango cha Marekani, NFPA 10, mtungi usiojazwa upya mwisho wake ni miaka 12 tangu kutengenezwa, hata kama haujaguswa. Plastiki si jambo la kupuuza: mwaka 2017 kampuni ya Kidde iliirudisha mitungi zaidi ya milioni 37 kutoka kwa wateja wa Marekani pekee, yenye vichwa na vitufe vya plastiki, kwa sababu ingeweza kugoma siku ya moto.

3. Kagua mwili. Kutu iliyochimba, kubonyea, alama za kuchomelewa viraka, nyuzi za shingo zilizolika, au mtungi uliowahi kuunguzwa na moto: chuma chakavu. Uinue utazame kitako, maana kutu hupenda kuanzia huko. Mtungi uliopakwa rangi mpya nautilia shaka kuliko wenye mikwaruzo.

4. Geji, halafu mizani. Mshale kwenye kijani unasema presha ipo. Basi. Hausemi kama poda imeganda wala kama ndani kuna dawa ya kutosha. Mtungi wa kabonidioksaidi hauna geji kabisa, kwa kuwa gesi yake imekaa kama kimiminika na presha haibadiliki (karibu bar 57 kwenye nyuzi 20) hadi kimiminika kiishe. Huo unapimwa kwa mizani tu. Gesi ikipungua zaidi ya asilimia 10, peleka ukajazwe. Wa kilo 5 ukipoteza zaidi ya nusu kilo, usingoje.

5. Umebanwa hata kidogo? Umetumika. Hapa ndipo watu wanapoharibu, tena watu makini. Anachomoa pini, anabana kidogo "kujaribu", poda inatoka, geji bado kijani, anarudisha pini na kuutundika ukutani kwa amani. Lakini poda imepita kwenye valvu, na chembe zake zimebaki kwenye raba ya kuzibia. Raba haikai sawasawa tena. Presha inavuja polepole bila sauti, na baada ya muda ukutani unakuwa na pambo jekundu.

- Usijaribu mtungi kwa kuubana. Hakuna "kidogo tu".
- Usikubali fundi aongeze presha bila kuufungua. Chembe bado zimo, utavuja tena.
- Usikubali poda yoyote iliyopo dukani. Herufi hizi ni madaraja ya moto: A ni vitu vikavu kama mbao na karatasi, B ni vimiminika kama petroli. Ya ABC aghalabu ni monoamoniamu fosfeti, yenye asili ya tindikali. Ya BC ni bikaboneti, yenye asili ya alkali. Zikichanganyika, hasa penye unyevu, zinatoa gesi, presha inapanda na poda inashikana kuwa tofali.
- Usikubali kompresa ya kujazia matairi kwa mtungi wa poda. Hewa yake ina unyevu. Inatakiwa naitrojeni kavu.

6. Msimamie fundi. Atoe presha, afungue kichwa, amwage dawa, amulike ndani, abadilishe o-ringi (ile raba ya kuzibia), apime dawa kwa mizani, ajaze naitrojeni, apime uvujaji, afunge sili mpya na aandike tarehe. Akimaliza kwa dakika tano, amekufutia vumbi. Kuna nchi ambako huwekwa pete shingoni isiyoweza kuingia bila kichwa kufunguliwa. Kama kwenu ipo, idai.

7. Kalenda. Kwa NFPA 10: utazame kila mwezi, servisi kila mwaka, wa poda wenye presha ufunguliwe ndani kila miaka 6 na mwili wake upimwe kwa presha ya maji kila miaka 12. Wa maji na wa kabonidioksaidi hupimwa hivyo kila miaka 5. Sheria ya kwenu ikiwa kali zaidi, fuata hiyo.

Uamuzi wangu: mdogo wa poda unaokaribia mwaka wa kupimwa kwa presha ya maji, nunua mwingine. Mkubwa wenye kichwa cha chuma, na wa kabonidioksaidi wenye mwili mzima, jaza.

MASWALI

haraka_haraka: Sijasoma yote mkuu. Wangu uko nyekundu, nifanyeje?
Jibu: Nyekundu ya geji au ya rangi ya mtungi? Soma hatua ya 4 na ya 5.

dereva_wa_masafa: Wangu unakaa ndani ya lori. Nimesikia poda huganda kwa mtikisiko. Nitajuaje?
Jibu: Swali zuri. Mtikisiko huishindilia poda kitakoni. Upindue taratibu kichwa chini, uuweke karibu na sikio. Poda nzima utaisikia ikiteleza, na mkono utahisi uzito ukihama. Usiposikia kitu, upeleke ukafunguliwe. Usiugonge kwa nyundo, ni chombo cha presha. Kagua pia kishikio chake, kikilegea mtungi unagongwa kila shimo.

mzoefu77: Mimi nimejaza kwa kompresa ya matairi mara kibao na inafanya kazi. Acheni kutisha watu.
Jibu: Inafanya kazi kwa moto upi uliouzima? Kuona geji inapanda si kuzima moto.

mzoefu77: Sawa mwalimu.
Jibu: Asante.

mdadisi: Nimerithi mtungi wa shaba wa kupinduliwa. Unaweza kujazwa?
Jibu: Huo ni wa soda na asidi. Ndani kuna maji yenye bikaboneti na chupa ya asidi. Ukiupindua vinakutana, gesi inasukuma maji, na huna namna ya kuizima. Mwili wa zamani unaweza kupasuka mkononi. Mpe fundi autoe kila kitu, kisha uung'arishe ukae sebuleni. Unapendeza kweli.

jiko_la_mama: Na moto wa mafuta ya kukaangia? Poda inatosha?
Jibu: Poda inaweza kuua mwali, lakini mafuta yakibaki na joto huwaka tena. Dawa yake ni mtungi wa kemikali majimaji, ulioandikwa daraja la moto wa mafuta ya kupikia: F Ulaya, K Marekani. Maji kamwe, dada. Sufuria ndogo: zima jiko, funika, usiibebe.

mdadisi: Poda ikishamwagika ndani, inasafishwaje?
Jibu: Ikiwa kavu. Vaa barakoa, fagia kwa brashi laini, ndipo ufute kwa kitambaa chenye unyevu na ukaushe mara moja. Ya ABC ikilowa hula chuma, kwa hiyo anza na vifaa vya umeme, vikiwa vimechomolewa. Usitumie mashine ya kupuliza hewa, utaisambaza nyumba nzima.