Kabla hujaenda mafunzo ya BLS (msaada wa msingi wa kuokoa uhai) na kabla hujaingia wodini, zingatia haya

Mara ya kwanza napiga magoti mbele ya mdoli wa CPR, yaani kukandamiza kifua na kumpa pumzi mtu ambaye moyo wake umesimama, nilikuwa nimetoka kufaulu vizuri tu mtihani wa kuandika wa asubuhi ileile. Mkufunzi akasema haya anza, nikaanza, haikufika hata dakika moja viwiko vimeshapinda, jasho linadondokea kwenye uso wa mdoli, na yule mdoli alikuwa wa aina ile inayotoa mlio “tak” ukifikisha kina kinachotakiwa, sasa kwangu alikuwa kimyaa. Karatasini najua kina ni sentimita 5 mpaka 6. Mikono ilikuwa haijui.

Ndo maana nasema we mwanafunzi wa afya, uwe udaktari, uuguzi, famasia, maabara, meno, usiende kwenye mafunzo ukitegemea kila kitu utakikuta huko. Zile namba zimeze nyumbani ili muda wa darasani uwe wa mikono tu. Na sio nyingi kivile: mtu mzima unakandamiza mara 100 mpaka 120 kwa dakika, katikati ya kifua, nusu ya chini ya ule mfupa wa kati wa kifua, unaacha kifua kirudi juu chote kabla ya kukandamiza tena. Kila mikandamizo 30 unampa pumzi 2, kila pumzi sekunde moja hivi, ukiona kifua kimepanda inatosha, usimjaze upepo maana unaingia tumboni na atatapika. Mtoto mkiwa waokoaji wawili inakuwa 15 kwa 2, kina ni theluthi ya kifua, yaani sentimita 5 hivi kwa mtoto na 4 kwa kichanga. Mapigo unatafuta kwa sekunde zisizozidi 10, mkubwa shingoni, kichanga chini ya mwaka mmoja kwenye mkono wa juu upande wa ndani. Ukiwa huna uhakika kama umeyasikia, hesabu hamna, anza kukandamiza.

Alafu angalia notsi zako ni za mwaka gani. Hili watu wanalipuuza sana. Miongozo inafanyiwa marekebisho kila baada ya miaka 5 hivi, na mwaka 2010 American Heart Association waligeuza mpangilio mzima, kutoka A-B-C (njia ya hewa, pumzi, kifua) ikawa C-A-B, yaani kifua kwanza ndo njia ya hewa na pumzi zifuate, kwa sababu watu walikuwa wanapoteza muda kuhangaika na mdomo wakati damu imesimama. Mpaka leo unakutana na mtu anakariri A-B-C kwa sababu karithi notsi za waliomtangulia, na wao walirithi kwa wengine. Mtu aliyezama majini yeye ni habari nyingine, huyo tatizo lake limeanza na kukosa hewa kwaiyo pumzi zinapewa uzito mapema, usije ukafanya kichwa kichwa.

Mavazi: suruali unayoweza kupigia magoti, viatu vya chini, kucha fupi. Kama una mimba au mgongo na magoti yanasumbua mwambie mkufunzi mapema, hakuna atakayekucheka, utapangiwa namna ya kushiriki. Kula pia, CPR ni kazi ya misuli, ndo maana waokoaji wanapokezana kila dakika 2 hata kama aliyeko kifuani anajiona bado yuko freshi, maana uchovu unaharibu kina kabla mwenyewe hujajishtukia.

Kingine, uliza mapema midoli iko mingapi na nyie mko wangapi. Mkiwa watu 20 kwa mdoli mmoja kwa saa moja, toa maelezo, toa utani, utabaki na dakika mbili tatu za kugusa. Siku hiyo sio ya kukaa nyuma na kurekodi wenzako kwa simu. Nenda mbele, rudia, omba ubaki wakati wengine wanakimbilia chai. Kiukweli kuna vyuo BLS ni slaidi na video halafu mnasaini mahudhurio, na ukiwa huko jiongeze, tafuteni mdoli hata mmoja mjifundishe kikundi mkiwa na mtu anayejua wa kuwasahihisha.

Sasa sehemu inayoangusha wengi sio kukandamiza, ni kugundua kwamba moyo umesimama. Vitabuni mgonjwa “hapumui” basi imeisha. Kitandani unaweza kumkuta mdomo uko wazi, anavuta hewa moja kwa kukoroma, kimyaa, anavuta tena, kama samaki aliyetupwa nchi kavu, na ndugu zake wanakwambia dokta si anapumua huyu. Hapumui. Ule ni mhemo wa moyo ulioshasimama au unaoelekea kusimama, na dakika chache zijazo, nne mpaka sita hivi, ubongo unaanza kuharibika. Kwaiyo kabla hujaingia wodini fanya mazoezi ya kusema kwa sauti: haitikii, hapumui kawaida, naomba msaada, leteni toroli ya dharura na AED (ile mashine ya kushtua moyo kwa umeme). Kwa sauti kabisa, mbele ya wenzako, ukiona aibu we ona aibu sa hivi. Mi nimeshamwona mtu anayejua kila kitu amesimama pembeni ya kitanda ananong’ona.

AED wengi wanaiogopa bure. Ukiiwasha yenyewe inaongea, inakupangia. Cha kukumbuka ni kukausha kifua kama kimelowa, kubandua plasta ya dawa kama ipo pale unapotaka kubandika, pedi moja chini ya mtulinga wa kulia nyingine ubavuni kushoto chini ya kwapa, hakikisha hakuna aliyemgusa mgonjwa inaposoma na inapopiga shoti. Ikishapiga rudi kifuani hapohapo, usisimame kuangalia kama kaamka.

Siku ya kwanza wodini, kabla hata hujajua majina ya wagonjwa, mwombe inchaji wa wodi akuoneshe toroli ya dharura iko wapi na msaada unaitwaje pale, ni namba, ni kengele, ni kukimbia? Fungua uone kwa macho kama unaruhusiwa. Kuna wodi nimewahi kufanyia zamu, ambu bagi (ule mfuko wa kumpulizia mgonjwa hewa) ilikuwepo safi kabisa, maski yake haipo. Tumeigundua lini? Mgonjwa ameshabadilika rangi. Kwaiyo angalia ambu na maski zake kubwa na ndogo, oksijeni inatoka kweli au geji tu ndo inasoma, sakshen ya kunyonya mate na matapishi inavuta, glavu zipo. Na lile ubao la kuweka chini ya mgongo ulizie, maana kwenye godoro laini sehemu ya nguvu zako inaishia kubonyeza godoro. Kama we mfupi tafuta kabisa kistuli cha kupandia, mabega yanatakiwa yawe juu ya mikono.

Jiandae pia kwa vitu mdoli hana. Mbavu za mtu halisi zinaweza kuvunjika na utasikia chini ya kiganja, unaendelea. Na wengi hawarudi hata kama mmefanya kila kitu sawasawa, hilo ujue kabla ili usije ukabeba wiki nzima kwamba ni wewe. Mkimaliza kaeni hata dakika 10 mliokuwepo muongee, nani alichelewa nini, nani anatetemeka.

Setifiketi nyingi zinaandikwa miaka 2, ila mikono inaanza kusahau ndani ya miezi mitatu mpaka sita, kwaiyo usiisubiri iishe muda. Weka tarehe kwenye simu, kila baada ya miezi mitatu mnarudi kwa mdoli dakika 2 kila mtu. Nyumbani unaweza kutumia mto mgumu sakafuni na programu ya metronomu kwenye simu ukaiweka 110, hapo unafanyia mdundo tu, kina mto haukufundishi, na mtu mzima aliye hai asikubali umfanyie mazoezi kifuani hata akiwa rafiki yako wa damu.