Kupokea pasipoti ya mgeni hotelini: mwongozo kwa wahudumu wa mapokezi

Mgeni ametoka uwanja wa ndege wa Kilimanjaro (KIA), kachoka, mabegi yake yapo sakafuni, nawe unamwomba pasipoti. Mtazame uso. Wengi huikabidhi huku macho yakiifuata mkononi mwako, na wana haki. Nimekaa mapokezi Arusha miaka 11, na haya ndiyo ninayomfundisha kila kijana anayeanza zamu.

Hatua ya 1: Sema unaitakia nini. Kabla hujanyoosha mkono, mwambie: "Naomba pasipoti niandike taarifa zako kwenye daftari la wageni, nakurudishia sasa hivi." Hapo wasiwasi mwingi huisha.

Hatua ya 2: Andika, usitoe kopi. Jina kama lilivyo, uraia, namba ya pasipoti, viza, anakotoka na anakokwenda. Basi. Usipekue kurasa nyingine. Mihuri ya nchi alizopita haikuhusu.

Sasa angalia chini ya ukurasa wa picha. Kuna mistari 2 ya herufi, namba na vimishale, kila mmoja una nafasi 44. Mstari wa pili umebeba namba ya pasipoti, tarehe ya kuzaliwa na tarehe ya mwisho wa matumizi. Kwenye pasipoti ya kielektroniki, vitu hivyo 3 vikiwekwa pamoja hutumika kama ufunguo wa kusomea chipu iliyomo ndani, yenye picha ya mwenyewe. Kwa hiyo anayetoa kopi ya ukurasa ule hachukui jina tu.

Bosi akisisitiza kopi, funika picha na mistari hiyo miwili kwa kipande cha kadi (mimi ninacho kimekatwa tayari, kinakaa droo ya juu), kisha andika juu ya kopi jina la hoteli, tarehe na sababu ya kuitoa.

Hatua ya 3: Usipige picha kwa simu yako. Hapa ndipo tunapokosea zaidi. Loji moja niliyowahi kufanyia kazi, pasipoti zilipigwa picha na kutupwa kwenye grupu la WhatsApp kwa ajili ya vibali vya hifadhi. Grupu lilikuwa na madereva, wapishi, hata watu walioacha kazi zamani. Siku moja dereva anamwonyesha mama wa Kijerumani picha za simba, akatelezesha kidole mara moja zaidi, ikatokea pasipoti ya yule mama. Mama alinyamaza safari nzima. Jioni alikuja kaunta kuniuliza ni watu wangapi wanayo, nikakosa jibu.

Tangu hapo naandika majina na namba kwa maandishi tu, namtumia mtu mmoja anayeshughulikia vibali, na kazi ikiisha tunafuta wote wawili.

Hatua ya 4: Irudishe pale pale, mkononi mwake. Usilale nayo, wala usiishike kama dhamana ya bili. Pasipoti ni mali ya serikali iliyoitoa. Ukihofia malipo, chukua malipo ya awali. Mgeni akiugua usiku akakimbizwa hospitali, na ufunguo wa kabati la ofisi anao mtu aliyekwenda nyumbani Usa River, utamweleza nini?

Hatua ya 5: Linda daftari. Usimgeuzie mgeni daftari ajaze mwenyewe huku anasoma namba za waliomtangulia. Mpe fomu ya karatasi moja, au funika mistari ya juu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linalojulikana na zisitunzwe kupita muda unaohitajika. Wala usidhani kompyuta ni salama kwa sababu tu ni kompyuta: kampuni ya hoteli ya Marriott ilitangaza mwaka 2018 kwamba mfumo wa hoteli za Starwood ulidukuliwa, na namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 zilikuwamo bila kufichwa kwa msimbo wowote.

Hatua ya 6: Teketeza. Kopi za zamani zisitoke na taka. Karatasi za ofisi hapa mjini huishia kufungia karanga na maandazi. Mimi huzichoma mwenyewe nyuma ya jiko, nasimama hapo hapo, nazichokoa kwa fimbo mpaka ile ya mwisho iwe jivu.