Mahali pa Kufunga Rejeta ya Kipoza Maji Katika Kasha la Kompyuta: Mwongozo kwa Mazingira ya Dodoma

Mwongozo huu unahusu kompyuta ya mezani inayopozwa na kipoza maji kilichofungwa kiwandani, yaani kile kinachouzwa kikiwa na pampu, mipira miwili ya kupitishia maji, rejeta (fremu ya vibati inayotoa joto la maji) na maji yake ndani, ambacho mtumiaji hakijazi wala hakifungui. Nimewaandikia wanaojiundia kompyuta hapa Dodoma, kwa sababu ushauri mwingi juu ya jambo hili umetolewa na watu wanaofanya kazi katika vyumba vyenye kiyoyozi, ilhali sisi tuko kwenye nyanda kame ambako kwa miezi mingi ya mwaka mvua haionekani na vumbi hupenya hata dirisha likiwa limefungwa. Msimamo wangu nautaja mapema ili msomaji aupime kadiri anavyoendelea: kwa kompyuta nyingi za hapa, rejeta ikae juu ya kasha, feni zake zikitoa hewa nje, na hewa ya kuingia ipite mbele kwenye chujio linaloweza kuchomolewa bila bisibisi. Zipo hali zinazobadilisha uamuzi huo, nazo nitazieleza mahali pake.

Hatua ya kwanza: Jua hewa iliyo ndani ya mfumo inakwenda wapi

Kipoza maji hakitengenezi baridi; kinahamisha joto tu. Maji hupita juu ya prosesa, chipu inayofanya hesabu zote za kompyuta, hubeba joto lake hadi kwenye rejeta, na feni hulipeperusha joto hilo kupitia vibati vyembamba vya aluminiamu. Kwa hiyo chumba kikiwa na nyuzi 31, kama ilivyo kawaida alasiri za Novemba, maji hayawezi kushuka chini ya hapo hata rejeta iwe kubwa kiasi gani.

Jambo linaloamua mahali pa kufunga, hata hivyo, ni hewa kidogo iliyobaki ndani. Mfumo huo haujazwi maji hadi tone la mwisho, na kadiri miaka inavyopita unyevunyevu huvuja polepole mno kupitia kuta za mipira, hivyo nafasi ya hewa inaongezeka. Hewa hiyo hukusanyika mahali palipo juu kuliko pengine pote katika mzunguko. Mahali hapo pakiwa ni ndani ya pampu, pampu huanza kukoroma, maji hupungua kasi, na sehemu zake zinazozunguka, ambazo hulainishwa na maji hayohayo, huanza kulika. Kanuni inayotokana na hayo haina msamaha: sehemu ya juu ya rejeta lazima iwe juu kuliko pampu. Katika vipoza vingi pampu imo kwenye kichwa kinachokaa juu ya prosesa, lakini ipo mifano ambayo pampu yake imo kwenye rejeta yenyewe au katikati ya mpira, na kwa mifano hiyo unapaswa kujua kwanza pampu iko wapi ndipo uitumie kanuni.

Rejeta iliyofungwa kwenye paa la kasha inatimiza sharti hili yenyewe. Iliyofungwa mbele kwa kusimama inalitimiza endapo ukingo wake wa juu umeipita pampu kwa sentimita kadhaa. Kwenye sakafu ya kasha usiifunge kabisa, hata kama kasha lina matundu ya skrubu pale na picha ya tangazo inaonyesha hivyo, kwa maana hapo hewa yote hupanda hadi kwenye pampu.

Hatua ya pili: Pima kasha kabla ya kulipa

Wengi wetu huagiza vifaa kutoka Kariakoo vikaja kwa basi, na kurudisha kasha lisilotosha ni gharama na usumbufu. Chukua rula na uandike vipimo kwenye karatasi. Namba inayotajwa dukani, kama vile milimita 240 au 360, ni ya feni zinazopangwa mbili au tatu, wala si ya urefu wa rejeta yenyewe. Rejeta ya 240 huwa na urefu wa takriban milimita 275, na ile ya 360 hukaribia 395, kwa sababu kila mwisho una kitangi cha kukusanyia maji. Unene wa rejeta nyingi ni milimita 27, na feni ya kawaida ni 25, kwa hiyo zikiunganishwa unahitaji 52. Rejeta nene ya milimita 38 inahitaji 63.

Kwa kufunga juu, pima kutoka kwenye paa hadi ukingo wa mazabodi (bodi kuu ya kompyuta), kisha angalia mambo mawili ambayo watu huyakuta wakati kazi imeshafika katikati. La kwanza ni kimo cha vijiti vya RAM (kumbukumbu): vya kawaida vina takriban milimita 31, lakini vyenye mapambo na taa huzidi 40, na hivyo ndivyo vinavyogusa feni. La pili ni soketi ya umeme wa prosesa, yenye pini nane, ambayo huwa kwenye kona ya juu kushoto ya mazabodi na hufichwa kabisa rejeta ikishakaa. Kwa kufunga mbele, pima urefu wa kadi ya picha. Kadi kubwa za siku hizi huzidi milimita 300, na zile 52 za rejeta na feni zinatoka kwenye nafasi hiyohiyo.

Kasha lenye nafasi ya feni moja tu nyuma linapokea rejeta ya 120. Kwa prosesa ndogo inatosha. Kwa prosesa kubwa, heri ununue kipoza cha hewa chenye ubora na ubaki na chenji.

Hatua ya tatu: Amua kati ya juu na mbele

Hapa ndipo penye mabishano, na pande zote mbili zina hoja. Rejeta ikifungwa mbele na feni zikivuta hewa kutoka nje, prosesa hupata hewa ya chumba ambayo haijapashwa na kitu chochote, na joto lake hupungua kwa nyuzi kadhaa. Gharama yake ni kwamba hewa hiyo, ikiwa imeshabeba joto la prosesa, ndiyo inayoifikia kadi ya picha. Rejeta ikifungwa juu na kutoa hewa nje, mambo hugeuka: kadi ya picha hupata hewa safi kutoka mbele, lakini rejeta inapozwa kwa hewa ambayo kadi imekwisha kuipasha.

Jiulize basi ni kifaa gani kinachofanya kazi zaidi. Kadi kubwa ya picha huweza kula wati 300 na zaidi, wakati prosesa nyingi hazifiki 250 hata zikisukumwa. Anayecheza michezo au kuhariri video kwa kutumia kadi anafaidika na rejeta ya juu, kwa kuwa chanzo kikubwa cha joto ndicho kinachopata hewa ya kwanza. Anayetumia prosesa peke yake kwa saa nyingi, kama vile mhandisi anayekokotoa mifumo ya majengo au mwanafunzi anayechakata takwimu, na ambaye kadi yake ni ndogo, ana haki ya kuchagua mbele. Sababu inayotajwa sana, kwamba hewa ya moto hupanda na kwa hiyo rejeta ya juu hupoza kwa msaada wa maumbile, haina uzito wowote, kwa sababu feni ya kawaida inaishinda nguvu hiyo bila jasho.

Tofauti ya nyuzi tatu au nne kati ya pande hizo, hata hivyo, ni ndogo ukiilinganisha na ile inayoletwa na vumbi. Rejeta ya mbele inayovuta hewa ndiyo chujio la kweli la kompyuta, upende usipende. Vumbi letu ni laini, linapita kwenye matundu ya chujio la kasha, linatua katikati ya feni na vibati, na baada ya msimu mmoja wa kiangazi linakuwa kama blanketi ambalo huwezi kuliona bila kufungua skrubu zote. Rejeta ya juu inayotoa hewa inapitisha hewa ambayo imekwisha kuchujwa mbele na kuacha sehemu kubwa ya uchafu huko, mahali ambapo unaweza kulichomoa chujio, kulikung'uta nje, kuliosha na kulirudisha. Wateja wengi huipenda rejeta ya mbele kwa sababu taa za feni zinaonekana vizuri. Sibishani nao kuhusu urembo, ila nawaomba waje nayo kusafishwa kabla ya Oktoba.

Ili mpangilio wa juu ufanye kazi, hewa inayoingia iwe nyingi kuliko inayotoka. Weka feni tatu mbele, mbili au tatu za rejeta juu, na ile ya nyuma izungushwe polepole au iondolewe. Hewa ya ndani ikisukumana kidogo na kuta, itatokea kwenye kila upenyo wa kasha. Ikipungukiwa, itavutwa kupitia nyufa hizohizo pamoja na vumbi lisilopita kwenye chujio lolote. Zingatia pia kwamba chujio lenyewe linaipunguzia feni ya mbele nguvu, hivyo kasi ya feni hizo ipandishwe kidogo kuliko za juu.

Mwinuko nao una sehemu yake. Dodoma iko takriban mita 1,120 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma ujazo uleule wa hewa, lakini ujazo huo una uzito mdogo na unabeba joto pungufu. Si sababu ya kuogopa, ila ukiwa njia panda kati ya rejeta ya 240 na ya 280 (yenye feni mbili pana zaidi), na kasha linaruhusu, chukua ya 280.

Udhaifu mmoja wa rejeta ya juu ni kwamba kompyuta ikizimwa, vumbi linaloanguka linatua moja kwa moja kwenye matundu ya paa. Kitambaa kilekile tunachofunikia runinga kinafaa kabisa, mradi kiondolewe kabla ya kuwasha.

Hatua ya nne: Funga kwa mpangilio

Anza kwa kuchomeka waya wa umeme wa prosesa wenye pini nane, kwa kuwa baada ya hapo mkono hautafika. Kisha funga feni kwenye rejeta. Hewa ya feni hutokea upande wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota, kwa hiyo kwa rejeta ya juu upande huo uelekee paani.

Kuwa mwangalifu na skrubu. Katika boksi mna za aina mbili: ndefu za takriban milimita 30, ambazo hupita kwenye feni hadi kwenye rejeta, na fupi za kufungia rejeta moja kwa moja kwenye bati la kasha. Skrubu ndefu ikiingizwa mahali pa fupi inaweza kutoboa njia ya maji, na hapo kipoza kimekwisha kazi yake. Ukihisi skrubu inakaza kabla ya wakati wake, simama uichomoe uilinganishe.

Ining'inize rejeta juu kwa skrubu nne bila kuzikaza, mipira ikiwa upande wa mbele wa kasha, kwani ikitokea upande wa nyuma mara nyingi hulazimika kujikunja kwa kona kali ili iifikie prosesa. Funga kichwa cha pampu kwenye prosesa, tazama kwamba mipira haijavutwa wala haijagusa feni yoyote, ndipo ukaze skrubu zote. Waya wa pampu uchomekwe mahali palipoandikwa AIO_PUMP, na kama mazabodi haina, tumia CPU_FAN. Kisha kwenye mipangilio ya mazabodi iamuru pampu izunguke kwa kasi kamili wakati wote.

Ukiwa umechagua mbele, mipira ielekezwe chini ili hewa ibaki kwenye kitangi cha juu, mbali na mahali mipira inapoungana na rejeta. Mipira isipofika chini, ielekeze juu, mradi kitangi cha juu kimeipita pampu. Huenda ukasikia mvumo kidogo wa mapovu. Feni zikae upande wa ndani wa rejeta zikivuta, ili uso wa rejeta unaokusanya vumbi utazame chujio na uweze kupigwa brashi bila kufungua kitu.

Hatua ya tano: Jaribu, andika, safisha

Washa kompyuta. Sauti ya mapovu kwa dakika chache za mwanzo ni ya kawaida, na kuliinamisha kasha taratibu huku na huku huisaidia hewa kupanda kwenye rejeta. Sauti isipokoma baada ya siku kadhaa, rudi kwenye hatua ya kwanza.

Ipe prosesa kazi nzito kwa angalau nusu saa, maana maji huchelewa kupata joto na jaribio la dakika tano litakudanganya. Andika joto la chumba na joto la prosesa, na uangalie tofauti kati yake. Prosesa nyingi za Ryzen za mfululizo wa 7000 zina kikomo cha nyuzi 95, na nyingi za Intel za karibuni zina 100 au zaidi kidogo. Ukikaribia hapo, prosesa yenyewe hupunguza kasi. Rudia kipimo Julai na tena Novemba, ukilinganisha ile tofauti, wala si joto la prosesa peke yake, kwani chumba cha Julai si cha Novemba.

Wakati wa kiangazi, osha chujio la mbele kila baada ya wiki mbili. Rejeta isafishwe kwa blowa ndogo, ikipuliza kinyume na mwelekeo wa hewa ya feni, huku ukizizuia feni kwa kidole zisizunguke kupita kiasi. Usiipeleke kwa fundi wa pancha apulize kwa kompresa yake: hewa ile huja na maji na mafuta, na nguvu yake hukunja vibati. Tofauti uliyoiandika ikibaki juu hata baada ya usafi, gusa mipira yote miwili kompyuta ikiwa kazini. Mmoja ukiwa wa moto sana na mwingine baridi, maji hayazunguki, na kipoza hicho hakina matengenezo. Kama bado kina dhamana, kirudishwe dukani kikiwa na risiti.