Somo: Nakala 300 za kwanza, jinsi ya kujichapishia riwaya bila kuzika mtaji

Mfano tutakaoutumia: riwaya ya Kiswahili ya kurasa 160, saizi ya A5, jalada laini, nakala 300, inachapwa Dar es Salaam. Bei ni za mfano. Weka zako, hesabu ni ileile.

Hatua ya 1: Bei kwanza, mchapaji baadaye

Kabla ya kuuliza kuchapa ni shilingi ngapi, jiulize msomaji atatoa ngapi bila kununa. Tuseme 15,000. Duka likikata asilimia 30, yaani 4,500, unabaki na 10,500. Kuchapa, tuseme 5,000 kwa nakala, ni 1,500,000. Mhariri, msanii wa jalada na mpangaji kurasa, 900,000. Jumla umetoa 2,400,000.

Ukiuza madukani tu, pesa yako inarudi ukifika nakala ya 229. Ukiuza mkononi kwa bei kamili, inarudi kwenye nakala ya 160. Tenga na 20 za kugawa, maana shangazi hatanunua na wewe hutamdai.

Mchapaji atakushawishi uchape 1,000 kwa kuwa bei ya kila nakala inashuka. Hakudanganyi: pleti, yaani mabamba ya kuchapia, zinalipiwa mara moja, uchape 300 au 3,000. Lakini nakala 700 chini ya kitanda, kwa unyevu wa Pwani, zinajikunja na kuota madoa kabla hazijapata mnunuzi. Zikiisha 300, chapa tena.

Hatua ya 2: Mswada

Mhariri si binamu aliyefaulu Kiswahili kidato cha nne. Mlipe mtu wa kazi hiyo, kisha msahihishaji mwingine baada ya kurasa kupangwa, kwa sababu upangaji nao huzaa makosa yake.

Kosa moja linawapata waandishi wa Kiswahili hasa. Programu nyingi hukata maneno mwishoni mwa mstari kwa kanuni za Kiingereza. Utakuta "mam-bo" na "nyum-ba", wakati silabi zetu ni ma-mbo na nyu-mba. Zima ukataji wa maneno, au pitia kila mstari kwa jicho. Halafu tafuta "ng'" zote: mswada uliochapwa kwenye simu na kompyuta huwa na alama mbili tatu tofauti za ng'ombe mmoja.

Hatua ya 3: Kurasa na karatasi

Kwenye mashine ya pleti, karatasi moja ya A2 hubeba kurasa 8 za A5 kila upande, jumla 16. Kurasa 160 ni karatasi 10 kamili, pleti 20. Ukileta 163, kurasa tatu hizo zinadai pleti zake na karatasi yake. Punguza nafasi ya mistari kidogo, au ongeza shukrani mpaka ifike idadi inayogawanyika kwa 16, au angalau kwa 8.

Acha milimita 20 upande wa gundi. Ukiacha 12 msomaji atakipasua kitabu akitafuta neno la mwisho.

Gramaji (uzito wa karatasi kwa mita ya mraba) ya 80 inatosha. 60 inaonyesha maandishi ya nyuma. Kisha muulize mchapaji nyuzi za karatasi zinaelekea wapi. Lazima ziende sambamba na mgongo wa kitabu. Zikikingama, kitabu hakilali wazi na kurasa zinafanya mawimbi karibu na gundi. Kupima ni rahisi: chana karatasi. Ikichanika moja kwa moja umefuata nyuzi, ikienda kombo umezikata.

Hatua ya 4: Jalada na ISBN

Kwa gramaji 80, jani moja lina unene wa kama milimita 0.1. Kurasa 160 ni majani 80, kwa hiyo mgongo ni milimita 8. A5 ni milimita 148 kwa 210. Upana wa faili la jalada: 148 + 8 + 148, ongeza 3 za kukatia kila upande, unapata 310. Urefu, kwa hesabu ileile, ni 216. Usimpe msanii vipimo hivi kabla idadi ya kurasa haijafungwa, la sivyo jina lako litatoka mgongoni na kuangukia mbele.

ISBN, namba ya kimataifa ya kutambulisha kitabu, kwa Tanzania inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba. Ni tarakimu 13. Jalada laini ina yake, kitabu cha kielektroniki ina yake. Kuchapa upya bila mabadiliko hakuhitaji mpya. Mistari ya msimbo pau (ile inayosomwa na skana) iwe myeusi juu ya weupe. Mistari myekundu inapendeza, ila skana ya dukani inatumia mwanga mwekundu na haitaiona.

Hatua ya 5: Pruvu na kupokea mzigo

Dai pruvu, yaani nakala ya majaribio: moja kamili, iliyokatwa na kugundishwa, uitie sahihi yako kuikubali. Pruvu ya skrini haionyeshi gundi. Siku ya kupokea, fungua nakala moja katika kila bunda, ikunjue katikati, vuta jani. Likitoka, rudisha bunda. Salio lilipwe baada ya hapo.

Hatua ya 6: Madukani

Maduka mengi yatataka mali kauli: wachukue leo, walipe kikiuzwa. Kubali, lakini peleka 10, si 50. Andika hati ya kupokelea yenye idadi, bei, asilimia, tarehe ya hesabu na sahihi. Pita kila mwezi ukahesabu vilivyo rafuni wewe mwenyewe.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, shikamoo. Nakala 100 zinawezekana?*
Marahaba. Zinawezekana kwa mashine ya dijitali, haina pleti. Kila nakala itakuwa ghali zaidi. Kwenye 300 omba bei zote mbili, hapo ndipo huwa zinakaribiana.

*Kaka, nisipojisajili COSOTA (Ofisi ya Hakimiliki Tanzania) hakimiliki ninayo?*
Unayo tangu ulipoandika, na hudumu maisha yako na miaka 50 baada yake. Usajili unakupa ushahidi siku ya ugomvi.

*Niko Mombasa, ISBN naomba Dar?*
Hapana, dada. Mchapishaji wa Kenya anaomba Huduma ya Maktaba ya Kitaifa ya Kenya, hata kama kitabu kinachapwa Dar. ISBN hufuata mchapishaji.

*PDF niiuze WhatsApp?*
Ikishaingia kundi moja, imeingia yote. Ukiamua, weka jina na namba ya mnunuzi chini ya kila ukurasa. Haizuii wizi, ila watu huona haya kusambaza kitu chenye jina lao. Sura mbili za kwanza gawa bure, mwishoni weka namba ya malipo na gharama ya kutuma kwa basi.

*Duka limegoma kulipa miezi minne.*
Una hati yenye sahihi? Nenda nayo, chukua vilivyobaki siku hiyohiyo, deni lilipwe kwa awamu zenye tarehe. Kama hati huna, chukua vilivyobaki.